Mfungieni, Lakini Mumpe Karatasi: Barua ya Wazi kwa TFF, Bodi ya Ligi na Viongozi wa Klabu

Waheshimiwa,

Shikamooni walio wakubwa wangu. Walio rika langu, habari za kazi. Mimi ni mtu wa Makorora, Tanga. Nimecheza beki wa kulia miaka kumi na moja katika klabu tatu, mbili kati ya hizo nikiwa nahodha, na sasa jioni nafundisha watoto mpira kwenye kiwanja cha vumbi ambacho mvua ikinyesha tunakiachia bata. Sijawahi kuvuta bangi. Natanguliza hilo kwa sababu nawajua watu wa mjini kwetu: ukisimama kumsemea mtu, swali la kwanza ni "na yeye je?"

Na wala sikuja kuitetea bangi. Nimekuja na habari ya karatasi ambayo haikuandikwa.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa kambini, nyumba ya kupanga, vyumba vinne, vijana watano kila chumba. Klabu siitaji, na baadhi ya viongozi wake wa wakati ule wameshatangulia mbele ya haki. Tulikuwa na winga wa kushoto, mtoto wa mvuvi wa upande wa Tongoni. Mguu wake ulikuwa na kitu ambacho hakifundishwi. Mpira ukiwa bado uko hewani kumwelekea, jukwaa la Mkwakwani lilikuwa limeshasimama. Usiku mmoja nikatoka kwenda chooni nikakuta harufu. Nikaifuata. Alikuwa nyuma ya tangi la maji, peke yake, na msokoto wake. Mechi ilikuwa bado siku tano. Nikamwambia, "Mgosi, zima hicho ukalale." Akazima, akaenda kulala. Asubuhi nikaenda kwa meneja wa timu nikasema.

Nilisema mimi. Nahodha ana wajibu wake, ndivyo nilivyojiambia usiku kucha, na mpaka leo sijaamua kama kusema kulikuwa kosa. Kosa langu ninalolijua ni kudhani kwamba baada ya kusema kuna utaratibu.

Saa nne asubuhi kijana alikuwa stendi na begi lake. Hakupimwa mkojo. Hakuitwa kikaoni akaulizwa, "Wenzako wanasema hivi, wewe unasemaje?" Hakupewa barua. Mishahara ya miezi miwili aliyokuwa anadai ikafia palepale, maana nani atamlipa mvuta bangi? Kufika Ijumaa, kwenye makundi ya mashabiki ya WhatsApp alikuwa ameshapewa jina jipya, Msuba. Msimu uliofuata klabu mbili zilimtaka. Kila mara ikapigwa simu moja, likaulizwa swali moja, likatoka jibu moja: "Yule? Yule anavuta." Alikuwa na miaka 22.

Katika kambi hiyohiyo golikipa wetu alirudi likizoni analewalewa, kajaa mnazi mpaka kooni, akatapika mlangoni pa kocha. Akakatwa posho, akaomba radhi, Jumamosi akadaka. Wala simlaumu, alidaka vizuri.

Waheshimiwa, najua mtaniambia bangi ni jinai na mnazi si jinai. Hilo nitalifikia. Kwanza nataka tuwaangalie wenzetu, si kwa kuwaiga, ila kuona wanapoadhibu wanaandika nini.

Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, Mkanada mmoja, Ross Rebagliati, alishinda dhahabu ya kuteleza na ubao kwenye theluji. Mkojo wake ukakutwa na bangi, akanyang'anywa medali. Akakata rufaa, na haikupita siku nyingi medali ikarudi shingoni mwake. Hawakusema hakuvuta. Walisema hapakuwa na kanuni iliyoandikwa sawasawa ya kukataza bangi katika mchezo ule, na mtu haadhibiwi kwa kanuni isiyokuwepo. Watu wa baraza wakiisikia hadithi hii wanacheka, wanaona Wazungu wana mambo. Mimi huwa namkumbuka winga wetu na begi lake stendi.

Mwaka 2009 Michael Phelps, muogeleaji aliyekuwa ametoka Beijing na dhahabu nane, alionekana gazetini akiwa na kibomba cha kuvutia bangi. Hapakuwa na kipimo, picha tu. Chama chao cha kuogelea kikamfungia miezi mitatu. Unaweza kubishana na miezi hiyo, lakini iliandikwa, ikahesabika, ikaisha. Mwaka 2012 alikwenda London akarudi na dhahabu nyingine nne.

Halafu Sha'Carri Richardson, huyu wengi mnamjua. Juni 2021 alishinda mita 100 katika mchujo wa Marekani kule Eugene, jimbo la Oregon, kwa sekunde 10.86. Kipimo kikaonyesha bangi. Akasema wazi kwamba alivuta baada ya kupata habari za kifo cha mama yake mzazi, tena alivuta katika jimbo ambalo sheria yake inaruhusu. Akafungiwa mwezi mmoja, akaikosa Tokyo. Wengi tulimlilia, nami mmojawapo. Lakini mwezi ulipoisha, umeisha. Mwaka 2023 alikuwa bingwa wa dunia kule Budapest kwa sekunde 10.65, na Paris 2024 akaondoka na fedha ya mita 100 na dhahabu ya kupokezana vijiti. Hakuna aliyepiga simu kunong'ona, "Yule? Yule anavuta."

Kanuni iliyomhukumu ndiyo hiyo inayotuhusu na sisi, kwa kuwa FIFA inafuata kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, na anayecheza chini ya FIFA yumo ndani. Nimezisoma nikisaidiwa na mpwa wangu aliye chuoni. Bangi inakatazwa wakati wa mashindano, na wakati huo unaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mchezo. Aliyevuta Jumatatu akacheza Jumamosi akiwa timamu, WADA haina shida na Jumatatu yake. Shida ni kwamba bangi si kama pombe. Pombe inatoka mwilini kwa saa, bangi inajificha kwenye mafuta ya mwili na kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana kwenye mkojo wiki kadhaa baadaye. Wenyewe waliliona hilo, ndiyo maana mwaka 2013 walipandisha kiwango cha kumkamata mtu kutoka nanogramu 15 hadi 150 kwa mililita moja ya mkojo. Walitaka kumnasa aliyevuta karibu na mchezo, wamwache wa wiki iliyopita.

Tangu 2021 kanuni imelegezwa tena. Bangi imewekwa fungu moja na kokeini na heroini, ile orodha ya vitu vinavyotumika vibaya mitaani. Mchezaji akithibitisha kwamba alitumia nje ya mashindano na si kwa ajili ya kujiongezea nguvu ya mchezo, adhabu ni miezi mitatu. Akikubali kutibiwa na kumaliza programu ya tiba, inaweza kushuka hadi mwezi mmoja. Hao ndio wakali wa dunia, waliokataa mwaka 2022 kuiondoa bangi kwenye orodha yao pamoja na kelele zote za Richardson. Wakali hao wanatoa miezi mitatu. Sisi tulimpa winga wetu kifungo cha maisha, na hatukutumia hata karatasi.

Ligi za Marekani zimekwenda mbali zaidi, na hapa ndipo vijana wangu kiwanjani wanaponichekea kwamba ulaya wameruhusu. Besiboli waliitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Desemba 2019. Ligi yao ya mpira wa miguu na mikono, NFL, mwaka 2020 waliacha kumfungia mtu kwa sababu ya kipimo cha bangi peke yake. Ligi ya kikapu, NBA, waliacha kupima kwa kushtukiza mwaka huohuo, na mkataba wa 2023 ukaifuta bangi kabisa kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Vijana wanaishia hapo, hawasomi chini. Chini pameandikwa kwamba mchezaji akija mazoezini au kwenye mechi amelewa, au akionekana amekuwa mtumwa wa bangi au wa pombe, anapelekwa kwenye tiba, na akija kazini amelewa anaweza kuadhibiwa. Wametenganisha anayevuta kwake na anayekuja kazini kalewa. Na pombe na bangi wameziweka kwenye sentensi moja.

Kuna jambo moja la besiboli nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu linatugusa kuliko bangi yenyewe. Siku walipotangaza kuifuta bangi, siku hiyohiyo walitangaza kwamba wataanza kupima dawa kali za maumivu, zile za jamii ya afyuni. Kilichowasukuma ni kifo: Julai 2019 mrushaji wa Los Angeles Angels, Tyler Skaggs, alikutwa amekufa hotelini timu ikiwa safarini, na mwilini mwake kulikuwa na fentanili, oksikodoni na pombe. Wakajiuliza nini hasa kinaua wachezaji wetu, na jibu halikuwa msokoto.

Sasa turudi kambini kwetu. Kifundo cha winga yule kilikuwa kibovu nusu msimu. Kila siku ya mechi alichomwa sindano ya maumivu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaingia, akakimbia, na usiku sindano ikiisha nguvu kifundo kinampigia ngoma. Nilimwona akichomwa. Sote tulimwona. Hakuna aliyepeleka habari kwa meneja, maana meneja ndiye aliyeleta sindano. Baadaye sana aliniambia alikuwa anavuta ili apate usingizi. Huenda ni kweli. Huenda pia alivuta kwa sababu alipenda kuvuta, kama wavutaji wengi. Sitawauzia hadithi ya huruma, kwa sababu hoja yangu haihitaji awe mgonjwa. Hata kama alivuta kwa starehe tupu, alistahili kuulizwa na kuandikiwa. Lakini chama kinachomfukuza mtu kwa msokoto na kufumba macho kwa sindano hakiwezi kuniambia kinalinda afya ya mchezaji. WADA wenyewe, kuanzia Januari 2024, wameikataza tramado, dawa kali ya maumivu, siku ya mashindano. Ningefurahi kujua vyumba vyetu vya kubadilishia nguo vinalijua hilo.

Naam, jinai. Pale kwenye kijiwe cha kahawa cha barabara ya 12 niliwasomea wazee barua hii kabla ya kuituma. Mzee mmoja, shabiki wa Coastal tangu kabla ya ubingwa wa 1988, akaweka kikombe chini akasema, "Mwanangu, Marekani ni Marekani. Hapa bangi ni gerezani. Mnataka ligi iwe mahali pa kuvunja sheria?" Ana haki ya kuuliza. Tuna sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 na mamlaka yake, na bangi hairuhusiwi nchini hata jani moja. Siombi muiguse sheria hiyo, si kazi yenu wala yangu. Polisi wakimkamata mchezaji na bangi, wampeleke mahakamani kama mtu mwingine yeyote. Lakini tazameni mahakama inavyofanya, maana hapo ndipo nilipomjibu mzee: hakimu anamsomea mtu shtaka, anamsikiliza, na akimfunga anaandika miezi. Hata mfungwa wa bangi anajua tarehe ya kutoka. Winga wetu hakuijua.

Mzee akanyamaza. Akaagiza kashata. Kisha akasema wachezaji ni kioo cha jamii, na kioo kikiwa na moshi watoto watajionaje? Hoja hii naisikia kila mahali, na kama mwalimu wa watoto siidharau. Bangi kwa mtoto wa miaka 14 si mzaha: akili yake bado inajengwa, na nimeona wawili kiwanjani kwangu waliokuwa wepesi wakawa wazito, wakaacha shule, mmoja akaanza kusikia sauti. Lakini kioo hicho tumekitia moshi wenyewe zamani. Klabu zetu kubwa ziliwahi kuvaa nembo ya bia kifuani, watoto wakazinunua jezi hizo wakavaa madrasa. Leo ni kamari. Sikusikia mtu aliyefukuzwa kambini kwa ajili ya kioo. Na kama mtoto anajifunza kwa mchezaji, kuna la kujifunza pia kwa aliyekosea, akaadhibiwa miezi mitatu, akatibiwa, akarudi. Kwa aliyetoweka mtoto anajifunza kitu kimoja tu, kujificha vizuri zaidi nyuma ya tangi.

Na sisi Tanga, waheshimiwa, tunajua mtu akitoweka anatowekea wapi. Pwani hii imezika vijana wengi wa unga. Serikali iliona kwamba kuwafukuza hakusaidii, ikaanzisha kliniki za methadoni, ya kwanza Muhimbili mwaka 2011, na leo ziko mikoani, Tanga ikiwemo. Mtu anayejidunga heroini anapewa kadi, anapewa dozi kila siku, anaitwa mgonjwa. Mchezaji wa msokoto mmoja anapewa begi. Sisemi bangi inatibiwa kwa methadoni, la hasha. Nasema nchi iliyojifunza kumpokea teja haishindwi kumsikiliza winga.

Ombi langu ni la kuandika. Katika kanuni za ligi na katika mkataba wa kila mchezaji, kiandikwe kifungu cha bangi na pombe, kwa Kiswahili ambacho beki wa kulia anakielewa, si hiki kifungu cha "utovu wa nidhamu" kinachobeba kila kitu kama kapu la sokoni. Aliyekuja mazoezini au uwanjani amelewa, kwa bangi au kwa bia, aadhibiwe, na adhabu iwe na idadi ya mechi. Aliyekutwa na bangi kwenye kipimo cha mashindano, zifuatwe kanuni za WADA zilivyo, na aambiwe haki yake ya kupunguziwa akitibiwa, maana wengi hawajui hata kama ipo. Aliyevuta kwake, siku yake ya mapumziko, akaja kazini timamu, ligi ikae kando. Kama kuna jinai ina wenyewe. Kambini ni jambo jingine: kuna wenzake, kuna watoto wa timu ya vijana, na mwajiri ana haki ya kukataza moshi wa aina yoyote chini ya paa lake. Winga wetu kwa hilo alikosea. Kwa makadirio yangu ya unahodha lilikuwa kosa la mechi mbili na kuosha vyombo wiki nzima.

Najua vipimo ni ghali, na maabara zenye kibali cha WADA barani Afrika zinahesabika kwa vidole. Basi kama hamwezi kupima, msihukumu kama mliopima. Kuita kikao cha watu watatu, mchezaji akiwa na mtu wake pembeni, kuandika alichosema na kilichoamuliwa, hakugharimu zaidi ya kalamu na chai. Na adhabu ikiisha, klabu impe barua ya kusema imeisha. Atakayepiga simu kumuulizia asomewe barua, asisomewe harufu. Mishahara aliyoifanyia kazi ilipwe hata siku anayoondoka. Sijui bangi ilihusikaje na miezi miwili aliyokimbia na kifundo kibovu.

Na manahodha, ndugu zangu, nanyi mnasoma humu. Ukimkuta mtu nyuma ya tangi, uliza kwanza utaratibu uko wapi kabla hujaenda kugonga mlango wa meneja. Mimi sikuuliza.

Winga yule siku hizi yuko majini na baba yake. Baadhi ya Jumamosi, akishauza samaki pale Deep Sea, anapitisha baiskeli kiwanjani kwangu na kukaa nusu saa anawaonyesha watoto krosi, pekupeku, suruali imekunjwa magotini, bado inatua pale anapotaka. Mwezi uliopita mama mmoja alimvuta mwanawe kando, kisha akanijia mimi.

"Mwalimu, samahani. Yule si ndiye yule Msuba?"

Ningekuwa na karatasi ningempa aisome: alifanya hili, siku fulani, akafungiwa muda huu, akaumaliza tarehe hii. Sina. Nikamwambia tu kwamba yule ndiye aliyenipigia krosi nzuri kuliko zote nilizowahi kufunga kwa kichwa, Mkwakwani, dakika ya mwisho, na mimi ni beki.

Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akauliza, "Sawa, mwalimu. Lakini anavuta au havuti?"

Wenu katika mpira,
Beki mstaafu, Makorora, Tanga